Wakili wa Kampuni si Kabati la Kufichia Madhambi

Wasomaji wangu, leo naingia kwenye uwanja wa wanasheria bila joho wala wigi. Najua wapo rafiki zangu waliosoma sheria pale Mlimani ambao watanirushia mawe. Sawa, warushe. Ila wakimaliza wanijibu swali moja: hii siri ya wakili na mteja wake, ambayo tunaambiwa kila siku kuwa ni nguzo ya haki, iliwekwa ili imlinde nani?

Mimi jibu ninalo. Iliwekwa imlinde mtu. Mtu wa nyama na damu, anayeweza kufungwa, kunyang'anywa shamba lake au kutenganishwa na watoto wake. Mtu huyo akikaa mbele ya wakili wake lazima aweze kusema yote, hata yale ya aibu, bila kuogopa kwamba kesho wakili ataitwa kizimbani kuyatapika. Bila hiyo siri hakuna utetezi, kuna maigizo tu. Hapo sina ugomvi na mtu yeyote, na leo hii akija mwanasiasa anataka kuiondoa siri ya mshitakiwa na wakili wake nitakuwa mstari wa mbele kumpinga.

Ugomvi wangu ni pale kampuni inapolivaa vazi hilohilo. Kampuni haifungwi Segerea na haina watoto. Haina hata kumbukumbu yake yenyewe, kwa sababu inachojua ni kile kilichoandikwa kwenye makaratasi na kilichomo vichwani mwa wafanyakazi wake. Sasa makaratasi hayo yakipitishwa kwa wakili kwanza, na wafanyakazi hao wakihojiwa na wakili kwanza, halafu kila kitu kikagongwa muhuri wa "siri ya wakili na mteja", kinabaki nini cha kuulizwa na mpelelezi, na mwandishi, na mwananchi aliyeumizwa?

Hebu twende taratibu.

Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, kama ile ya Kenya, ni mtoto wa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ambayo Mwingereza aliileta huku. Inasema wakili haruhusiwi kutoa yale aliyoambiwa na mteja wake katika kazi ya uwakili mpaka mteja aridhie. Inasema pia kwamba siri hiyo haifuniki mawasiliano yaliyofanywa ili kufanikisha jambo haramu. Ukiisoma bila miwani ya kampuni unaona picha iliyokuwa kichwani mwa walioitunga: mtu mmoja, wakili mmoja, chumba kimoja. Hawakuwa wanafikiria kampuni yenye wafanyakazi elfu ishirini katika nchi thelathini, yenye ghorofa nzima ya wanasheria walioajiriwa kwa mshahara wa mwezi na marupurupu ya mwisho wa mwaka.

Aliyeifungulia kampuni mlango huu kwa upana ni Mahakama ya Juu ya Marekani, Januari 1981, katika kesi ya kampuni ya dawa iitwayo Upjohn. Kisa chake kinatuhusu sisi watu wa dunia ya tatu. Mwaka 1976 wahasibu waligundua kwamba kampuni tanzu ya Upjohn katika nchi ya nje ilikuwa imewalipa maofisa wa serikali ili ipate biashara. Rushwa, kwa lugha ya sokoni. Mwanasheria mkuu wa kampuni akatuma maswali ya siri kwa mameneja wote walio nchi za nje, akawahoji, akaandika majibu. Watu wa kodi wa Marekani walipotaka kuyaona majibu hayo, kampuni ikasema hapana, hiyo ni siri ya wakili na mteja. Mahakama ikakubaliana na kampuni. Mahakama ya rufani ilikuwa imesema siri iwahusu wakubwa wachache wanaoiongoza kampuni, lakini Jaji Rehnquist aliyeandika hukumu alisema kwamba hata mfanyakazi wa ngazi ya chini akizungumza na wakili wa kampuni kwa maelekezo ya wakubwa wake, mazungumzo hayo yanalindwa.

Niwe mkweli kwa Upjohn. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshatoa taarifa serikalini kuhusu malipo hayo. Na hukumu hiyohiyo ilisema jambo moja zuri: kinacholindwa ni mawasiliano, siyo ukweli wenyewe. Yaani meneja hawezi kukataa kujibu "ulimlipa waziri au hukumlipa?" kwa sababu tu jibu hilo alishampa wakili. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Lakini nenda kauulize huo ukweli. Meneja kahamishwa, mwingine kastaafu, wa tatu "hakumbuki". Aliyekumbuka vizuri alikumbuka mbele ya wakili, na kumbukumbu hiyo imefungiwa kabatini.

Mnataka mfano wa kabati hilo likifunguliwa? Angalieni tumbaku. Kwa miongo mingi makampuni ya sigara ya Marekani yaliwatumia wanasheria katika kazi ambayo kwa akili ya kawaida si ya kisheria: kuamua utafiti gani wa afya ugharamiwe na upi uzimwe, na kupitisha matokeo ya wanasayansi kwenye ofisi za mawakili ili yapate kinga. Katika kesi ya jimbo la Minnesota, mwaka 1998, mahakama iliwanyima kinga hiyo, na nyaraka zipatazo 39,000 zilizokuwa zimefichwa kwa jina la siri ya wakili zikatoka. Agosti 2006, Jaji Gladys Kessler wa Washington aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600 akisema makampuni hayo yaliudanganya umma kwa miaka mingi kuhusu madhara ya sigara, na kwamba wanasheria walikuwa katikati ya mpango huo katika kila hatua.

Siri ya wakili ilikuwa inamlinda nani hapo? Mvutaji anayekohoa damu?

Atasema mtu hayo ni ya zamani. Haya, njoo karibu. Machi 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliiambia mahakama kwamba Google iliwafundisha wafanyakazi wake namna ya kuandika barua pepe zenye mambo nyeti ya kibiashara: mweke mwanasheria kwenye orodha ya wanaotumiwa, andika juu kwamba ni siri ya wakili, omba ushauri kijuujuu, endelea na mambo yako. Mara nyingi mwanasheria mwenyewe hakujibu kitu. Google ilikana, na Jaji Amit Mehta hakuiadhibu kwa hilo. Lakini katika hukumu yake ya Agosti 2024 aliyoikuta Google na hatia ya kuhodhi soko la utafutaji mtandaoni, jaji huyohuyo alisema ameshangazwa na jinsi kampuni ile ilivyojitahidi kutoacha maandishi ambayo wasimamizi wa sheria wangeyakuta. Jaji ameshangaa. Sisi wengine hatukushangaa hata kidogo.

Sasa tuje nyumbani, maana najua wapo wanaosema "haya ya Wazungu yanatuhusu nini".

Mwaka 2013 serikali yetu ilikopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na ndugu yake Stanbic Tanzania. Katika ada ya mkopo huo, dola milioni 6 zililipwa kwa kampuni moja ya hapa nchini ambayo wapelelezi hawakuona kazi ya maana iliyoifanya. Sehemu kubwa ya fedha ikatolewa benki taslimu, kwa haraka. Wafanyakazi wa hapahapa Dar wakashtuka wakapiga kelele ndani ya benki. Aprili 2013, mawakili wa Standard Bank wakaenda wenyewe kwa SFO, wapelelezi wa Uingereza wa rushwa kubwa. Baadaye wakafanya uchunguzi wa ndani na kukabidhi matokeo yake. Novemba 30, 2015, mahakama ya London ikapitisha mkataba wa kuahirisha mashitaka, wa kwanza katika historia ya Uingereza. Kosa lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa. Benki ikalipa dola milioni 25.2 huko Uingereza, na dola milioni 7 zikarudishwa Tanzania.

Kwa nini nawaletea habari hii, wakati hapa wakili alisema badala ya kunyamaza? Kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wanasheria wa makampuni hawapendi kukitaja. Kama benki ile ingeamua kunyamaza, matokeo ya mawakili wake yangeweza kudaiwa kuwa siri, na mlipa kodi wa Mbagala aliyeulipa mkopo ule asingeyajua. Uamuzi haukuwa wa TAKUKURU, haukuwa wa Bunge, wala haukuwa wa mahakama. Ulikuwa wa mteja. Siri hii kwa kampuni ni karata. Ikiona faida inaiweka mezani, na faida yenyewe ni punguzo la adhabu na sifa ya kushirikiana. Ikiona hasara inaikalia. Mshitakiwa wa kawaida anaitumia siri kama ngao asiangamizwe na dola. Kampuni inaitumia kama bidhaa, inaiuza bei ikipanda.

Tazameni upande wa pili. Mwishoni mwa 2010 mtoa taarifa mmoja aliibua tuhuma ndani ya kampuni ya madini ya ENRC, iliyokuwa kwenye soko la hisa la London. Kampuni ikaita mawakili na wahasibu wachunguze, ikazungumza na SFO kwa muda mrefu. Mwaka 2013 SFO ikafungua upelelezi rasmi, ukihusu pia ununuzi wa mali za madini barani Afrika, ikiwamo Congo. SFO ilipotaka kumbukumbu za mahojiano ya wafanyakazi na kazi ya wahasibu, kampuni ikasema ni siri. Jaji wa kwanza, mwaka 2017, aliwapa SFO ushindi katika sehemu kubwa. Septemba 2018 Mahakama ya Rufani ikageuza: kampuni ilikuwa na sababu ya kutarajia kesi ya jinai, kwa hiyo nyaraka zile zinalindwa. Agosti 2023 SFO ikafunga jalada lote kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Nisieleweke vibaya. ENRC haikushitakiwa, ilikana tuhuma siku zote, na sisemi kwamba ilikuwa na hatia. Zaidi ya hapo, mwaka 2022 Mahakama Kuu ya London iliona kwamba wakili wa ENRC mwenyewe alimsaliti mteja wake kwa kuvujisha mambo yake, na kwamba SFO nayo ilikosea kwa kushirikiana naye. Hilo ni baya, na anayetaka kunipinga alichukue, ni hoja yake nzuri kuliko zote. Hata mimi nakubali: wakili anayemuuza mteja wake ni mwizi wa imani, awe mteja ni mama ntilie au kampuni ya madini. Lakini ubaya wa wakili huyo haujibu swali langu. Mkongo anayeishi juu ya madini yale atajuaje kama mali yake iliuzwa kihalali au la, wakati kazi iliyofanywa kutafuta jibu imefungiwa London kwa kufuli la mahakama? Siyo kwamba jibu ni baya. Ni kwamba jibu halipatikani, basi.

Sasa hoja kubwa ya upande wa pili, nisije nikaambiwa nimepigana na kivuli. Wanasema: mkiondoa siri, makampuni hayatauliza ushauri. Mkurugenzi ataogopa kumwambia mwanasheria ukweli, kampuni itavunja sheria zaidi, na atakayeumia ni huyohuyo mwananchi unayemlilia.

Hoja hiyo ina sura nzuri, ila imeshajaribiwa ikaonekana ilivyo. Umoja wa Ulaya, katika kesi za ushindani wa biashara, umekataa tangu mwaka 1982 kumpa kinga mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni. Ukarudia msimamo huo Septemba 14, 2010 katika kesi ya Akzo Nobel, kampuni ya kemikali iliyovamiwa na wakaguzi karibu na Manchester mwaka 2003. Ubishi ulikuwa juu ya barua pepe mbili kati ya meneja na mwanasheria wa ndani. Mahakama ya Ulaya ilisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba anayekula mshahara wa kampuni hawezi kuwa huru kama wakili wa nje, hata akiwa na cheti cha chama cha mawakili. Je, makampuni ya Ulaya yaliacha kuajiri wanasheria? Mbona wamejaa? Kampuni inauliza ushauri kwa sababu bila ushauri italipa faini ya mabilioni. Woga wa faini unatosha kuipeleka kwa wakili, haihitaji zawadi ya juu ya kufichiwa kila karatasi.

Kuna na mtu mwingine anayesahaulika katika mjadala huu: mfanyakazi. Karani wa hesabu anaitwa chumba cha mikutano, anakuta mwanasheria mpole, anapewa chai, anaambiwa "tuko hapa kuelewa kilichotokea". Anafunguka. Anadhani yule ni wakili wake. Siyo! Ni wakili wa kampuni, na siri ni ya kampuni. Kesho wakubwa wakiona ni faida kumtoa kafara, wanaiondoa siri na kumkabidhi na maneno yake. Marekani, baada ya ile kesi ya Upjohn, mawakili wamezoea kumwonya mfanyakazi mapema kwamba wao si mawakili wake. Huku kwetu wangapi wanaonywa? Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini sheria hiyo haimsaidii aliyetoa taarifa kwa mtu asiyemjua ni wa nani.

Nina sababu ya kikazi pia ya kukasirika. Kila mwandishi wa habari za biashara analijua hili: kampuni ikipata kashfa inatangaza "uchunguzi huru". Miezi inapita. Halafu inakuja taarifa ya ukurasa mmoja: uchunguzi umekamilika, hakuna kosa lililoonekana. Ukiomba ripoti unaambiwa ni siri ya wakili na mteja. Nimejibiwa hivyo na kampuni moja ambayo sitaitaja, na msemaji wake alikuwa anatabasamu. Yaani ripoti ni wazi kiasi cha kuisafisha kampuni magazetini, lakini ni siri ukitaka kuisoma! Haiwezekani ukala embe na bado ukataka kulionyesha dukani.

Kwa hiyo napendekeza nini? Mambo manne tu.

Kwanza, ukweli usifichwe kwa kupitishwa kwa wakili. Nani alilipwa, lini, kiasi gani, kwa kazi gani: hayo yatolewe, hata kama yaliandikwa kwenye barua ya wakili. Maoni ya wakili juu ya sheria yabaki siri, sina shida nayo.

Pili, mwanasheria aliyeajiriwa asiwe na kinga anapofanya kazi ya meneja. Wengi wao ni makatibu wa bodi, wanakaa kwenye zabuni, wanasaini mikataba. Huwezi kuwa mfanyabiashara asubuhi, na jioni mpelelezi akija ukageuka padri wa kitubio.

Tatu, kampuni ikiutumia uchunguzi wa mawakili wake kujisifu hadharani au kuomba punguzo, iweke ripoti yote mezani. Nusu nusu hapana.

Nne, mfanyakazi anayehojiwa aambiwe kabla ya swali la kwanza, kwa Kiswahili anachokielewa: huyu si wakili wako, na maneno yako ni mali ya kampuni.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomgusa kijana aliyekamatwa Kariakoo usiku na anayetaka kuongea na wakili wake faragha. Ndiyo maana nakasirika wanasheria wa makampuni wanapojificha nyuma ya kijana huyo. Kila tukigusa kabati lao wanapiga kelele kwamba tunataka kumnyang'anya haki yeye. Acheni hizo. Yeye mara nyingi hata wakili hana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tatizo ni kwamba kampuni inapoficha maradhi, anayekufa mara nyingi si yeye. Ni mvuta sigara, ni mlipa kodi, ni mtu anayeishi jirani na mgodi.

Ndugu zangu wa habari, mkiambiwa tena ripoti ni siri ya wakili, msifunge daftari. Ulizeni maswali matatu: nani alimwajiri huyo wakili, nani ndani ya kampuni ameisoma ripoti, na kampuni imeshaitumia wapi kwa faida yake. Majibu ya hayo si siri ya mtu. Na wenzangu wanasheria, uwanja ni wenu. Leteni hoja, mawe mmesharusha.